Kina Mama wa Kambini na Kahawa ya Maonyesho

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo ya mashuka, binti mmoja wa mapokezi aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama Paskalina, ulijisikiaje ulipofanikiwa kutoka shambani ukaingia hotelini?" Ni binti mwenye adabu na ana Kiingereza kinachoteleza. Lakini swali lake lilinikera mpaka chai ikapoa mkononi, kwa sababu ndani yake kuna uongo ambao nimeusikia miaka mingi hapa Karatu: kwamba shamba ni shimo na hoteli ni ngazi ya kutokea. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu, na nyie wengine mnaofanya kazi vyumbani, jikoni na getini someni pia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka habari za mishahara akaulize ofisini, na namtakia uvumilivu.

Mimi ni mtoto wa Mbulumbulu. Kwetu tulilima ngano, mahindi na maharage, na familia yenye shamba lake haikumtuma mtoto akafanye kibarua kwenye shamba la mtu. Kibarua kilikuwa cha watu waliokuja na malori kutoka Singida na Dodoma, wakapewa vyumba kwenye kambi za mashamba ya kahawa, wakazaa na kuzeeka humo humo. Sisi wenye ardhi tuliwaita "watu wa kambi", na hatukulisema hilo kwa heshima. Nilipomaliza darasa la saba, shamba la baba lilikuwa limeshagawanywa kwa kaka zangu, na mimi nikawa nahesabiwa kwamba nasubiri kuolewa. Sikutaka kusubiri. Nikateremka kwa miguu hadi shamba la kahawa nikaomba kazi.

Baba alinifuata baada ya siku chache, akanikuta nimefunga kitenge kiunoni na ndoo imening'inia mbele ya tumbo.

"Paskalina, unataka watu waseme nimeshindwa kukulisha?"

"Waseme, baba. Midomo ni yao."

Hakunipiga. Alikaa ukingoni mwa mtaro akanitazama nikimaliza mti mzima, kisha akaondoka bila kuaga. Miaka iliyofuata alikuwa anakuja mwenyewe wakati wa mavuno kuniletea maharage, kwa hiyo nachukulia kwamba tulielewana.

Aliyenifundisha kazi ni nyapara wetu, Mama Mwajuma, Mnyaturu mwembamba mwenye sauti ya kuita watu watatu kwa mpigo. Siku ya kwanza nilichuma kwa pupa, nikishika tawi na kuvuta kila kilichokuwapo, kibichi kwa kibivu, na majani juu yake. Aliimwaga ndoo yangu chini mbele ya watu wote. "Hii nini? Unachuma au unalipiza kisasi?" Halafu akachuchumaa na mimi tukaokota. Akanionyesha: kidole gumba na viwili vinavyofuata, unazungusha tunda jekundu mpaka liachie lenyewe, kikonyo chake unakiacha mtini maana ndipo mwakani patakapochanua. La kijani usiliguse. Na jekundu usiliache mpaka kesho, kwa sababu likipitiliza linaanguka, linazaa wadudu, na ukiliokota baadaye linaharibu ladha ya wenzake wote kwenye tangi la kuoshea.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa dini yake. Jioni alipita nyuma yetu mstari kwa mstari akifunua majani, na akiona tunda moja jekundu limebaki, alimwita mwenye mstari kwa jina, tena kwa jina la baba yake, kambi nzima isikie. Ukiitwa hivyo mara mbili, macho yanabadilika. Mimi hadi leo nikipita njiani kwenda kanisani, nikaona chekundu nyuma ya jani la kijani, mkono unanyanyuka wenyewe. Wachumaji wote waliopita kwa Mama Mwajuma wako hivyo. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililotuletea balaa.

Wakati sisi tunachuma, kazi za watu wa huku zilikuwa zinahama. Wanaume waliokuwa na majivuno kuliko wote walikuwa madereva wa matrekta na kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano. Walinuka dizeli na walikaa viti vya mbele kila sherehe. Kisha mashamba yale yakakatwakatwa, mashine zikaegeshwa mpaka kuku wakatagia ndani, na madereva wakaenda kuendesha watalii. Jirani yetu mmoja alikuwa amelima kwa trekta miaka mingi, na alipopewa gari la wageni aliendelea kugeuka nyuma kila baada ya muda kuangalia kama jembe linazama sawasawa. Wageni walidhani anawajali, na bahasha zake za bakshishi zilikuwa nene kuliko za wenzake. Wengine waliteremka Mang'ola kwenye vitunguu. Vijana wakaanza kuosha magari ya safari pembeni mwa barabara, na mzee aliyekuwa anatengeneza majembe akahamia kuchonga twiga wa kuuza.

Hata wafugaji walikuja. Saruni, mlinzi wetu wa geti ambaye wengi wenu mnamfahamu, alitoka Kakesio baada ya mifugo yao kupungua. Siku moja nilimuuliza anaionaje kazi mpya. "Zamani nililinda ng'ombe, simba isile," akasema. "Sasa nalinda mzungu, tembo isimkanyage. Ng'ombe ilikuwa inasikia zaidi."

Basi na shamba letu la kahawa likauzwa. Mkurugenzi mpya alikuwa mtu wa biashara kutoka mjini. Akaacha kahawa kwenye shamba la juu, na shamba la chini akapasua njia, akajenga vyumba vya wageni katikati ya mibuni. Wakati huo Mama Mwajuma alikuwa ameshapumzika kwa sababu ya macho, akawa anakaa kambini na binti yake Sauda, na unyapara nilikuwa nao mimi. Meneja aliyeletwa alitutangazia kwamba hoteli itaajiri watu wenye vyeti kutoka Arusha. Nikamwendea ofisini. Nikamwambia nina wanawake wanaoamka kabla ya jua, hawaibi, na wana mikono mizuri kuliko mikono yoyote atakayoiona. Akacheka, akasema kutandika kitanda cha mgeni ni taaluma. Nikamjibu na kuchuma kahawa ni taaluma, atujaribu. Akakubali kutujaribu, nadhani kwa sababu ufunguzi ulikuwa umekaribia na wenye vyeti walikuwa hawajafika.

Tulifundishwa na mwalimu mmoja mwanamke, mkali na mwenye haki. Kona ya shuka tuliipata siku ile ile, maana mkono uliozoea kuzungusha tunda bila kuumiza tawi hauna taabu na kitambaa. Kilichotushinda ni yule bata wa taulo anayewekwa juu ya kitanda. Bata wa Sauda alifanana na kanga aliyekanyagwa. Lakini kuna jambo sisi ndio tuliomfundisha mwalimu: udongo mwekundu wa Karatu. Yeye aliloweka shuka kwenye maji ya moto, na alama ikashika moja kwa moja. Watu wa kambini tunajua kwamba udongo huu unaachwa ukauke, unakung'utwa, kisha maji baridi, na sabuni inakuja mwisho. Nyie mnaotia dawa ya kung'arisha kwenye kila doa, mnayamaliza mashuka bure.

Sasa balaa. Ulikuwa msimu wa mavuno wa kwanza tangu hoteli ifunguliwe, na huku kwetu kahawa inaiva wakati ule ule wageni wanapojaa. Meneja alikuwa na mpango wake mzuri. Ile mibuni iliyoko kando ya njia ya kwenda vyumbani aliagiza isichumwe, matunda yaachwe yawe mekundu kabisa, ili wageni wakitoka kuangalia wanyama kule kreta, kwenye lile bonde lao, wapewe vikapu vidogo na kofia, wachume wenyewe na kupigwa picha. Aliwaambia waongozaji wageni. Aliwaambia wapishi. Sisi wa vyumbani hakutuambia, kwa sababu tulikuwa watu wa mashuka.

Asubuhi ile Sauda na wenzake walimaliza vyumba mapema. Wakatoka wakiwa wamebeba mashuka machafu, wakapita katikati ya mibuni imeinama kwa matunda, mengine yameshaanza kuwa meusi. Kumbukeni wamelelewa na nani. Wakaweka mizigo chini. Vyombo hawakuwa navyo, wakatumia foronya zile zilizokuwa zinakwenda kufuliwa. Walichuma njia nzima, huku na huku, nyuma ya kila jani, na vikonyo wakaviacha vyote mtini. Kisha wakapeleka kwenye mashine ya kumenya, kama inavyotakiwa, siku hiyo hiyo. Nilikutana nao wakipita mbele ya chumba cha kufulia, foronya zimejaa mabegani. Nikawaambia, "Mmefanya vizuri." Na leo ningesema hivyo hivyo.

Saa kumi jioni wageni wakateremshwa kwenye magari, wakavishwa kofia, wakapewa vikapu, wakaongozwa njiani. Hakukuwa na hata tunda moja jekundu. Mwongozaji alifunua majani mpaka akatia huruma. Mgeni mmoja mzee alichuma la kijani, akaulizwa na mkewe kama ndilo lenyewe.

Meneja alituita sote nyuma ya jiko.

"Nani kawatuma?"

"Ilikuwa imeiva, bosi," Sauda akajibu.

"Sijauliza kama imeiva. Nauliza nani kawatuma."

"Hakuna aliyetutuma. Imeiva."

Sura ya meneja ilibadilika rangi. Akanigeukia mimi. "Hawa ni watu wa jembe. Nilikosea kuwaamini na vyumba. Wiki ikiisha waondoke, na vyumba vya kambini waviachie, nitaweka wafanyakazi kutoka chuoni."

"Na mimi?"

"Wewe ni kiongozi. Utabaki uwapokee hao wapya."

"Basi niandike na mimi niondoke," nikamwambia, "maana niliwaona na nikawasifu."

Alidhani nafanya utani. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri kama tulivyofundishwa, nikaiacha juu ya meza ya jikoni.

Niseme wazi ni nini kilichokuwa hatarini, maana vijana mnaweza kudhani ni kazi tu. Watu wa kambini hawana kwao kwingine. Mimi nikifukuzwa narudi Mbulumbulu, kaka zangu watanung'unika lakini watanipa pa kulala. Sauda alizaliwa kwenye kile chumba cha kambi, na Singida anaijua kwa hadithi za mama yake. Ukimtoa pale na mama asiyeona, unamweka barabarani. Nikaenda moja kwa moja kambini, hasira zimenijaa, sioni aibu kusema.

Mama Mwajuma alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage kwa vidole. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walichuma na kijani?"

"Hapana, mama. Nyekundu tupu."

"Walikwanyua matawi?"

"Hawakukwanyua."

"Waliacha?"

"Hawakuacha hata moja."

"Sasa kosa liko wapi, Paska?"

Watu walikuwa wameshakusanyika. Kambini walikuwapo pia wanawake waliokuwa bado wanachuma shamba la juu, dada na wakwe wa hao waliofukuzwa. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeaga kwenda kisimani, "Kama wenzetu si watu wa vyumbani, basi na sisi kesho si watu wa shambani." Hatukuuita mgomo. Hatukuandika bango wala kuimba. Asubuhi iliyofuata tulifua nguo zetu, tukasukana nywele, tukapika. Vyumba vya wageni havikutandikwa, na shamba la juu likabaki na ndege.

Meneja hakuogopa mwanzoni. Alituma lori Karatu mjini na hadi kwetu Mbulumbulu kutafuta wachumaji, na hapo ndipo alipogundua kitu ambacho angetuuliza tungemwambia bure: wachumaji walikuwa wamekwisha. Vijana wote walikuwa kwenye magari, kwenye vitunguu, kwenye bodaboda. Dereva wa lori alinisimulia baadaye. Kijana mmoja aliyekuwa anaosha gari alimjibu, "Kuchuma kahawa? Mzee, mimi ni mtu wa mishe za wageni, usinishushe hivyo." Waliopatikana walikuwa wachache, na walichuma kama nilivyochuma mimi siku ya kwanza, ila wao hawakuwa na Mama Mwajuma wa kuwamwagia ndoo. Baada ya siku chache tu, chini ya miti ya shamba la juu kukawa kwekundu kwa matunda yaliyoanguka. Niliyaangalia kutoka kambini na iliniuma. Mtu asiwaambie kwamba tulifurahia.

Mkurugenzi akaja mwenyewe. Alizunguka shamba la juu kwa miguu, akarudi na viatu vimejaa udongo, akaja kambini, akapewa kiti cha plastiki. Meneja alisimama nyuma yake.

"Kina mama," mkurugenzi akasema, "nimekuja tuyamalize. Ombeni radhi, kazi iendelee."

Nilitaka kusema, Sauda akanishika mkono. "Da Paska, acha mimi." Akasimama mbele yake. "Bosi, radhi ya nini? Sisi hatukuharibu. Kahawa ile imemenywa, imeoshwa, iko kwenye vichanja inakauka, nenda kaione. Mliona imeliwa?"

"Ilikuwa ya wageni," meneja akasema.

"Ungetuambia tungeiacha," nikamjibu. "Ingetuuma, lakini tungeiacha. Tatizo hukutuona kama watu wa kuambiwa."

Mkurugenzi akauliza tunataka nini. Hatukuwa tumejipanga kwa hotuba. Sauda akasema tunarudi vyumbani sote, hakuna anayechaguliwa na anayeachwa. Vyumba vya kambi vinabaki vya waliomo, kwa maandishi. Na wakati wa mavuno, wa vyumbani wakimaliza vyumba wanaruhusiwa kupanda shamba la juu, wanalipwa kama wachumaji, kwa sababu hiyo pia ni kazi yao. Meneja alisema huo ni utaratibu ambao hajauona kwenye hoteli yoyote. Mkurugenzi akamwangalia, akaangalia viatu vyake mwenyewe, akasema, "Basi utaanza kuuona hapa." Jioni ile ile tulikuwa shamba la juu, wa vyumbani na wa shambani, tunaokoa kilichobaki.

Kwenye ile mibuni ya njiani meneja aliweka kibao kidogo cha kukataza kuchuma, kwa Kiswahili na Kiingereza. Wageni nao wakakitii. Waligoma kabisa kugusa tunda, wengine wakawakaripia waongozaji. Kibao kikaondolewa baada ya wiki.

Tangu hapo nimeona mengi yakija na kuondoka. Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege, wenye vyeti walirudishwa makwao na vyumba vikafungwa kwa makufuli. Saruni alirudi Kakesio kwa ndugu zake, na tulipomwita tena alikuja amenenepa kwa maziwa. Magari ya safari yaliota nyasi kwenye matairi. Sisi tulipanda shamba la juu kama kawaida. Kahawa haikuwa na habari na viwanja vya ndege, ikaiva. Iliyouzwa ndiyo iliyolipa walinzi na umeme wa hoteli tupu, na sikumsikia mtu hata mmoja mwaka ule akiuliza nani ni wa jembe.

Kwa hiyo, binti yangu wa mapokezi, sikufanikiwa kutoka shambani. Sikutoka. Nilichukua kazi ya pili nikaiweka pembeni mwa ya kwanza, na mikono ni ile ile. Kesho huku kwetu kunaweza kuja kazi nyingine ambayo mimi na wewe hatuijui, na atakuja mtu mwenye cheti cha kazi hiyo akuone wewe ni mtu wa zamani. Usimkubalie. Mwonyeshe unachojua, na kama hataki kuangalia, kaa chini usuke nywele mpaka aangalie.

Wengi wenu mlikuwapo kwenye sherehe ya kuniaga, lakini mlikaa mbali kidogo na huenda hamkusikia vizuri, kwa hiyo nimalizie hapo. Meneja, ambaye siku hizi nywele zimemkimbia na tumezoeana, alisimama kutoa hotuba. Alisema mazuri mengi. Kisha akasema hoteli hii iliwakuta kina mama wa kambini kwenye matope, ikawainua. Watu wakapiga makofi. Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa nimeandaa shukrani za dakika mbili, nikaziacha. Nikasema, "Asante kwa keki, meneja. Ila hamkutuinua. Mlitukuta tumesimama, tena kazini." Makofi hayakutoka upande wa meza kuu, lakini nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni walikopangiwa wanawake wa kambini, vikasikika vigelegele.

MC ni kijana mwerevu, akawahi kubadilisha mada. Akatangaza kwamba sasa mama yetu atakata keki na kumlisha kipande cha kwanza mkurugenzi, kama ilivyo desturi. Nikakata. Nikabeba kipande kwenye kisahani, nikaipita meza kuu. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kufungua mdomo. Nikaenda mpaka nyuma, mlango wa jikoni, nikasimama mbele ya Sauda. Akavuta sikio langu karibu na mdomo wake.

"Da Paska, umepitiliza. Wakubwa wako kule."

"Nimewaona," nikamwambia. "Fungua mdomo."